Jeneza Lilipotoka Msikitini

Jumamosi, tarehe saba ya Mfungo Tano, nilichimbiwa kaburi nikiwa hai. Mtu akikuulizeni mambo yangu mie Jaribu yaliharibika siku gani hasa, mjibuni hiyo, msizunguke.

Nyie mnaonisoma tangu mwanzo mnajua nilipofikia. Mke wangu Mwatima kafa, nikabaki peke yangu kijijini Ole. Mwanangu wa pekee, Saud, yuko Unguja. Siku ya maziko ya mama yake alikuwa Maskati kwa waajiri wake, na tangu arudi hajatia mguu Pemba. Mie nikapata kazi ya useremala Wete, kwenye mchezo wa jukwaani wa nyimbo, unaitwa "Jawaher wa Mikarafuuni." Na wakubwa wa mchezo, kwa kuwa sina cheti cha chochote, wakanichanganya na watoto wa fildi.

Watoto wa fildi ni wale wanaoletwa kazini kujifunza. Wa kwetu walikuwa na miaka kumi na saba, kumi na minane, hata ndevu hawajazijua. Kila mmoja kavishwa kitambulisho shingoni kimeandikwa MAFUNZO. Na mie nikavishwa kile kile. Nina mvi mpaka za masikioni, najifunza nini? Niliuliza ofisini. Wakasema ndicho kilichobaki.

Basi tuanze na Ijumaa, siku moja kabla.

Mchezo wenyewe unahusu msichana na baba yake, mchuma karafuu. Baba anaanguka mkarafuuni, anakufa, anabebwa kwenye jeneza huku watu wanaimba. Nikaambiwa nitengeneze jeneza. Nikatengeneza la plaiwudi, nikalipiga msasa, nikalitia rangi.

Mkubwa wetu, Bwana Mundhir, akalizunguka, akasema hiki ni kitanda cha mtoto.

Bwana Mundhir ndiye mwongozaji. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu huku kwetu, yeye mwenyewe kakulia Maskati, kasomea maigizo nchi za mbali, karudi na mradi. Neno lake ni moja tu: uhalisia. Ngazi iwe ngazi ya kweli. Karafuu ziwe karafuu za kweli. Ukimletea kitu cha kuigiza, kwenye mchezo wa kuigiza, anakasirika.

"Mzee Jaribu, kwani weye hujapata kuliona jeneza?" akaniuliza mbele ya watoto.

Mtu nimembeba mke wangu juzi juzi, naulizwa kama nimepata kuliona jeneza. Mtu wa kitambulisho cha MAFUNZO hajibu.

Watoto wawili wakanifuata nje. Mmoja Thuwein, kijana mrefu, fundi wa simu, ndiye aliyenitilia Wasap kwenye simu yangu ili wanitumie picha za mazoezi. Mwengine Shadya, mtoto wa kule Shumba, mwili mdogo, ulimi mrefu.

"Babu, muache huyo," Shadya akasema. "Tupeleke tukalione la kweli, tukupimie, utengeneze jengine."

Ningewaambia kesho. Ningewaambia vipimo nnavyo kichwani, na nnavyo. Lakini nyumba yangu haikuwa imeingia mgeni tangu arubaini ya Mwatima. Nikasema, njooni leo baada ya sala ya Ijumaa, mtakula kwangu.

Nikanunua papa, nikamenya muhogo. Shadya alipoona nataka kutia nazi ya pakti, akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza nyumba hii haina mbuzi? Nikamwonesha mbuzi ya Mwatima, ipo nyuma ya mlango pale pale alipoiegemeza mwenyewe. Mtoto akaikalia, akakuna nazi, huku anamtukana Thuwein kwamba anakula kwa macho. Mie nikasimama nje nikijifanya natafuta kuni. Mlio ule wa mbuzi, jamani. Sikuwa nimeusikia ndani ya nyumba ile kwa muda.

Tulipokwisha kula nikawapeleka msikitini. Shadya akabaki njiani, Thuwein akaingia na mie barazani. Jeneza letu linakaa hapo hapo, limening'inizwa kwenye boriti kwa kamba mbili. Halifungiwi. Nani aibe jeneza?

Muadhini wetu, Mzee Khatib, alikuwa anafagia. Akamwona na Shadya pale njiani, akaniuliza hawa ni nani, nikamwambia wenzangu wa kazini. Akafurahi. Akasema vizuri, Jaribu, angalau una watu.

Nakwambieni hayo ili mjue. Khatib aliwajua sura.

Jumamosi asubuhi nikatoka mapema kwenda Wete. Nilikuwa na kikohozi kibaya, na Khatib alikuwa mlangoni kwake. Akanambia kikohozi hicho si cha kuchezea, nenda hospitali. Nikamjibu ntapitia. Sikupitia, maana Bwana Mundhir mtu akichelewa humsimamisha mbele ya wenzake kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Nilipofika nikaitia simu yangu kikapuni. Hiyo ndiyo sheria ya Mundhir: simu zote zinazimwa, zinatiwa kwenye kikapu cha ukili, kikapu kinafungiwa ofisini mpaka mazoezi yaishe. Simu zote isipokuwa yake.

Nikapanda ngazini, nikawa napigilia matawi. Thuwein na Shadya sikuwaona, nikadhani wamechelewa.

Mara nikaona gari ya mizigo inarudi kinyumenyume mlangoni. Vijana wanne wakaingia na kitu. Nikakijua kabla hakijafika kwenye taa. Mkono wake wa nyuma, wa kushoto, niliubadilisha mie mwenyewe kwa mti wa mfenesi, siku chache kabla ya kumbebea Mwatima.

Nikashuka. Nyundo iko mkononi bado.

"Nani kakupeni ruhusa?"

Thuwein akatazama viatu vyake. Shadya alikuwa nyuma, macho mekundu. Jibu likatoka kwenye viti vya mbele.

"Mimi," akasema Mundhir. "Nimewatuma asubuhi waliazime. Litarudi kabla ya Alasiri."

Nikamwambia jeneza la msikiti haliazimwi kwa ngoma. Akasema hii si ngoma, ni sanaa. Nikamwambia mtu akifa sasa hivi Ole je? Akasema Ole hafi mtu kila siku, Mzee Jaribu, rudi ngazini.

Lakini hata yeye akakwama. Yule mtu mzima anayeigiza baba aliitwa alale. Akaliangalia jeneza, akaangalia mlango, akavaa viatu vyake, akaondoka bila ya kuaga. Akaombwa kijana mwengine, akasema mama yake atamfukuza. Akaombwa wa tatu, akasema yuko tayari kulala popote Wete isipokuwa hapo.

Mundhir akanigeukia mie. Sauti imelainika, maana wakubwa hulainika wakikwama.

"Mzee, si unataka lirudi upesi? Basi lala wewe. Tukishaipitisha sehemu hii mara moja, linarudi."

Mnaona wanavyokunasa? Nikikataa, linakaa. Nikikubali, naligeuza mchezo kwa mwili wangu mwenyewe. Nikavua kofia, nikapiga bismillahi, nikalala.

Wakanifunika kitambaa cha kijani. Dunia yote ikawa kijani.

Wakanitia mabegani, wakaanza kuimba. Sitakudanganyeni. Tangu Mwatima aondoke, hakuna mtu aliyenigusa ila kunipa mkono baada ya sala. Na hapa watoto wa watu wananibeba taratibu, wananizungusha jukwaa zima, sauti zao ziko chini yangu kama maji. Nikalia. Mtu akilala chali machozi yake huingia masikioni, nami yangu yakaingia, nikawa nasikia wimbo kwa mbali.

Shadya, anayewakumbusha waimbaji maneno, alikuwa anatembea ubavuni.

"Babu, upo?" akanong'ona.

"Nipo."

"Usife kweli, mie siwezi kuhojiwa na polisi."

Nikacheka ndani ya jeneza la msikiti. Mungu anisamehe.

Mundhir akapiga makofi, akasema huo ndio uhalisia. Akataka turudie. Tukarudia. Mara moja yake ikawa tatu, mpaka saa nane.

Kikapu kikafunguliwa. Nikaiwasha simu yangu, ikaanza kutetemeka mkononi kama kuku anayechinjwa.

Mie hakuna anayenipigia. Simu yangu hulia Idi kwa Idi. Leo kanipigia Khatib. Kanipigia shemegi yangu Bi Khairiya, mdogo wake Mwatima. Wamenipigia watu ambao mara ya mwisho kuzungumza nao walikuwa wanajifuta pilau la hitma midomoni. Nikampa Shadya anisomee, maana mie maandishi ya simu hunikimbia.

Alipoona wingi wa simu zile, rangi ikamtoka. Akaniambia kilichotokea asubuhi.

Walipofika msikitini, walilifungua jeneza kwenye kamba. Shadya alikuwa kwenye gari analia, kwa kuwa hakutaka kwenda na kalazimishwa. Khatib akatokea. Akawaona wale wale wageni wangu wa jana, mmoja analia, mwengine kakunja uso kwa khofu. Hakuuliza kitu. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akashika mkono wa jeneza, akawasaidia kulipakia.

"Nanyi mkamwambiaje?"

"Thuwein kasema amin."

"Khatib hakuuliza nani kafa?"

"Hakuuliza, babu."

Hawezi kuuliza. Kwetu sisi jeneza likishatoka halihojiwi. Unaligusa, unamwombea aliyefiwa, kisha unakwenda kwenye kazi yako: mchimbaji kaburini, mwengine kwenye maji ya kuoshea maiti, mwengine kwenye sanda. Maswali ni ya baadaye. Na Khatib alikuwa na kila kitu mbele yake. Jaribu katoka na kikohozi, kaambiwa aende hospitali. Wenzake wa kazini wamekuja kulichukua jeneza na machozi. Akanipigia simu, simu imezimwa. Muadhini mwenye akili timamu afikiri nini tena? Kapanda kwenye kipaza sauti, kanitangaza.

Wala simlaumu Khatib. Namlaumu aliyezifungia simu za watu kikapuni, na aliyetuma watoto kwenye kitu asichokithubutu mwenyewe.

"Kuna ujumbe wa Wasap," Shadya akasema. Sauti yake imekuwa ndogo. "Umetoka kwa Saud."

"Soma."

Akasoma. "Yeyote mwenye simu ya baba yangu, nakuombeni msimzike mpaka nifike. Nimepata ndege ya saa tisa. Nataka nimuone uso. Mimi Saud, mwanawe."

Nikainua macho. Saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata nane na nusu.

"Nimpigie?" Shadya akauliza. "Hajapanda bado. Nimwambie uko hai?"

Sasa nisikilizeni, kwa kuwa hili sijamwambia mtu.

Nilimwita Saud hitma ya mama yake, akasema kazi. Nikamwita Idi ndogo, akasema kazi. Nikamwita bila ya sababu, nikasema njoo tu tule, akasema baba, Inshaallah. Kutoka Unguja kuja Pemba si safari ya kuaga dunia. Na leo, kwa maiti, ndege imepatikana.

"Acha kwanza," nikasema.

"Babu."

"Simu haina chaji."

Simu ilikuwa na chaji. Shadya aliiona, ipo hapo mkononi mwake. Akanitazama, akaizima, akanirudishia, hakusema neno. Yule mwenye ulimi mrefu.

Nikaenda kwa Mundhir, nikamwambia jeneza hili ukalirudishe mwenyewe kwa mkono wako. Ya matanga sikumwambia. Nikajiambia tukifika mambo yatajieleza. Akakubali upesi, akasema atafuata na gari yake, anataka pia kuona kama Ole kuna pahala pazuri pa kupiga picha za matangazo.

Mie, Thuwein na Shadya tukapanda gari ya mizigo, jeneza katikati yetu.

Tulipokata kona ya kwangu nikawaona. Wanaume wamejaa uwanjani mpaka barabarani, mikeka imetandikwa. Moshi wa ubani unatoka dirishani kwangu. Siku zote najiuliza nani atakuja. Walikuja. Mpaka watu wa kisiasa wasiosalimiana walikuwa mkeka mmoja.

Gari ikasimama. Wakasogea kulipokea jeneza, mikono juu, wanataja jina la Mungu. Wa mbele alikuwa Jabir, mchimba makaburi wetu, rafiki yangu wa utotoni, udongo mpaka magotini. Mikono yake ikashika jeneza. Kisha macho yake yakapanda, yakanikuta nimeketi pembeni, nimevaa kitambulisho cha MAFUNZO.

Sijapata kusikia umati ukinyamaza vile. Mzee mmoja akaanza kusoma ayat-al-kursiy kwa nguvu. Kijana mmoja akakimbia, kiatu akakiacha.

"Assalaam alaykum," nikasema.

Hakuna aliyeitikia. Salamu ya maiti huitikiwaje?

Bi Khairiya akatoka ndani, kanga ya msiba kichwani. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaniminya mashavu kama mtu anayechagua embe. Halafu akanipiga kofi.

"Nimeshakulilia," akasema. "Nimekulilia mpaka sauti imenikauka, Jaribu. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia simu ilikuwa kikapuni, sikujua lolote mpaka nimefika hapa.

Mundhir alikuwa ameshashuka garini mwake. Nikamngoja aseme. Mkubwa ni mkubwa siku kama hiyo, vyenginevyo ukubwa wa nini?

Akasalimia vizuri, kwa Kiarabu kirefu. Akasema kumetokea kutoelewana, anasikitika sana. Akasema yeye aliomba jeneza la kuigiza tu, na aliyeleta habari za jeneza la msikiti ni fundi wake, mtu wa hapa hapa, mwenye kujua taratibu za hapa kuliko yeye mgeni.

"Mwongo huyo," nikasema. "Waulizeni watoto."

Khatib akamuuliza Thuwein. Thuwein akamtazama Mundhir, na mie nikajua. Mundhir ndiye anayeandika ripoti zao za fildi. Bila ya ripoti ile hawapati cheti, wanarudi majumbani na miezi yao imepotea.

"Mzee Jaribu ndiye aliyetuonesha lilipo," Thuwein akasema.

Si uongo. Ndiyo uchungu wenyewe, kwamba si uongo.

Shadya akafungua mdomo, Mundhir akageuza shingo akamwangalia tu, taratibu. Mdomo ukafungwa. Kisha mkubwa akampa Khatib mkono, akamtia Thuwein kwenye gari yake, akaondoka. Shadya akaitwa apande. Akasema atakuja na gari ya mizigo. Gari ya mizigo nayo ikaondoka, na yeye akabaki amesimama pale pale chini ya mlimau wangu.

Bi Khairiya akakumbuka Saud. Akapiga simu, haipatikani. Akasema keshapanda ndege, masikini mtoto wa watu. Akanitazama. Nikatazama mikeka.

Ikaanza kukunjwa, mikeka. Chupa za chai zikabebwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe. Mtu mmoja mmoja alipita mbele yangu bila ya kunipa mkono. Nikamshika Jabir nguo.

"Jabir, ndugu yangu, mie sikutangaza."

"Nimekuchimbia ubavuni mwa Mwatima," akasema. Hakupandisha sauti. "Jiwe lilikuwepo, nikalivunja, nikasema Jaribu alale vizuri. Nimechimba nalia, mbele ya wanangu. Na weye ulikuwa Wete unabebwa kwa nyimbo."

"Nilitaka lirudi upesi."

"Siku ukifa kweli usiniite. Kipaza sauti kikikutaja tena, mie ntaendelea na kazi zangu, ntasema Jaribu yuko mchezoni."

Waliokuwa karibu wakasikia, na hakuna aliyesema Jabir, usiseme hivyo. Nyie wa mjini pengine hamjui kususiwa maziko. Kwetu ni zaidi ya jela. Jela utatoka.

Wa mwisho kuondoka alikuwa Khatib. Akanambia kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu, tulivyowakuta wazee. Hukatwa mgomba ukazikwa, ili ardhi isikae inangoja. Nikamuuliza nani atanisaidia kuubeba. Akasema anakwenda kuadhini, kumeshakuwa Alasiri, akaenda zake na jeneza lake kichwani yeye na mwanawe.

Nikachukua panga, nikakata mgomba shambani. Mgomba mbichi ni mzito, si mzigo wa mtu mmoja mwenye kikohozi. Nikauburura hatua mbili, nikakohoa. Nikauburura tena.

Ncha ya pili ikanyanyuka. Shadya kaishika kwa mikono yote miwili, buibui kalifunga kiunoni.

"Ningesema," akanambia. "Pale ningesema, babu. Lakini mama kauza mbuzi wake wawili nije fildi."

"Nyanyua ncha yako," nikamwambia.

Makaburi yetu yako nyuma ya nyumba. Kaburi la Mwatima limeshaota majani, na ubavuni mwake kaburi langu liko wazi, safi, pembe zake zimenyooka. Jabir ni fundi. Nikalitazama ndani, nikaona kweli jiwe lilivyovunjwa.

Tulikuwa hapo, mgomba mikononi, mie na mtoto wa kike wa watu, tuliposikia mlango wa gari.

Saud akapita upenu wa nyumba. Kavaa kanzu nyeupe na kofia, mavazi ya kuzikia. Kanenepa kidogo. Nikadhani atashtuka, lakini hakushtuka. Bi Khairiya alikuwa amempata kwenye simu aliposhuka uwanja wa ndege Chake. Njia yote mpaka Ole alikuwa anajua kwamba niko hai.

Hakunipa mkono. Akaenda kwanza kwa mama yake, akachutama, akang'oa jani moja, akalishika. Kisha akainuka, akalitazama shimo, akautazama mgomba.

"Mama mdogo kaniambia simu yako ilikuwa kikapuni," akasema. "Kaniambia hukujua chochote mpaka umefika hapa na gari."

"Hawa wakubwa wa Wete, mwanangu," nikaanza. "Huyo Mundhir..."

"Baba, ngoja."

Akaitoa simu yake mfukoni. Akaitazama, hakunionesha.

"Nilituma ujumbe niko foleni ya kupandia ndege. Nilikuwa siwezi kusimama, nimeegemea ukuta. Mara nikaziona tiki zimekuwa za buluu. Nikafarijika, baba, hujui nilivyofarijika. Nikasema alhamdulillahi, kuna mtu yuko naye, kausoma, atawaambia wanisubiri. Nikapanda ndege kwa nguvu za huyo mtu."

Shadya akaiachia ncha yake ya mgomba. Ikaanguka, udongo ukamwagikia kaburini.

Saud akageuka, akamtazama yule mtoto na kitambulisho chake cha MAFUNZO, kisha akakitazama cha kwangu. Na mie, Mungu ni shahidi, neno nilikuwa nalo tayari ulimini. Lilikuwa neno jepesi, na nusu yake ilikuwa kweli: kwamba aliyeusoma ni huyu msichana.

"Nani aliyeusoma, baba?"